Naomba ushauri: nitapata wapi kikundi cha watu wanaoacha pombe hapa Dar?

Fundi_Tabata:
Wakuu, salaam. Nina miaka 38, watoto wawili, ni fundi umeme. Nakunywa tangu nina 19. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilimwambia mke wangu sasa basi, hata serikali imenisaidia. Wiki haikuisha nikawa nanunua chupa ndogo. Siku hizi bila kuzimua asubuhi sishiki bisibisi, mikono inatetemeka mpaka wateja wanaona.

Mwezi uliopita nilipanda ngazi kwa mteja nikaanza kuunganisha waya, kumbe sijazima swichi kubwa. Mungu tu. Niliposhuka nilijifungia choo cha watu nikalia.

Nimeapa kwa mchungaji, nimeapa kwa mama yangu. Nikijitahidi sana ni siku nne. Nasikia kuna watu waliokuwa walevi wanakutana na kusaidiana. Hapa Dar wapo? Wanatoza kiasi gani? Na nikikutana huko na mtu wa mtaani kwangu?

Mama_Nuru:
Pole sana kaka. Jaribu kliniki ya methadone Mwananyamala, mdogo wangu alipona pale.

Nesi_wa_Zamu:
Dada, nashukuru kwa ajili ya mdogo wako, ila methadone ni dawa ya waraibu wa heroini. Kwa pombe haifanyi kazi, fundi asipoteze siku kwenye foleni ile.

Fundi, hilo la kutetemeka asubuhi limenishtua kuliko yote. Maana yake mwili umeshazoea pombe. Mtu wa namna hiyo akikata ghafla, ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, joto likapanda. Watu hufa hivyo nyumbani huku ndugu wanasema ni mapepo. Usiache peke yako chumbani, na usijinunulie dawa za usingizi dukani. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Mwambie daktari kiasi unachokunywa kwa siku bila kupunguza hata tone. Utapewa dawa za kukushusha taratibu, pamoja na vitamini B1 ambayo pombe humaliza mwilini. Ukitoka hapo ndipo kikundi kitakufaa.

Mwaka_wa_Sita:
Mkuu, unachokitafuta kinaitwa Alcoholics Anonymous, wengi tunasema AA. Mimi nina miaka sita bila pombe na bado nakwenda kila wiki.

Hakuna kiingilio, hakuna fomu, hakuna ada. Kikapu kinapitishwa kwa kodi ya chumba na chai, usipokuwa nacho unakipitisha tu. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Unataja jina lako la kwanza, ukitaka unakaa kimya hadi mwisho. Mtu wa mtaani kwako ukimkuta, naye amekuja kwa shida ileile. Tunayosikia mle hayatoki nje. Siku yangu ya kwanza nilimkuta mwalimu aliyenifundisha sekondari. Alinivutia kiti.

Kilianza Marekani mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, alikuwa safarini mji wa Akron, biashara imemharibikia, kiu imembana. Akamtafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Mpaka leo mkutano ni hicho tu: mlevi anaongea na mlevi. Hutahubiriwa.

Kupata mkutano, pakua programu ya Meeting Guide, ni ya AA wenyewe na ni bure, inaonyesha mikutano iliyo karibu. Iko pia mikutano ya mtandaoni. Uliza kwanza ni wa wazi au wa waraibu pekee, na unaendeshwa kwa lugha gani. Wa kwanza usipokupendeza, jaribu mwingine. Mimi wa kwanza niliuchukia.

Msema_Kweli:
Mambo ya wageni hayo. Funga na kusali, ndugu.

Mwaka_wa_Sita:
Nilisali miaka kumi na bado nasali. Kikundi hakijaninyang'anya msikiti wangu. Hatua 12 za kuacha pombe tunazofuata AA zinamtaja Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa, ndiyo maana tunakaa Waislamu na Wakristo meza moja. Zanzibar nyumba za soba, wanakoishi waraibu wanaoacha, zinafuata hatua hizohizo.

Bibi_wa_Kinondoni:
Mwanangu, mwambie mke wako. Mimi niliishi na mnywaji miaka 22, nikawa naficha chupa, namdanganyia mwajiri wake kuwa ana malaria. Wake na jamaa wana kikundi chao, Al-Anon. Hata kama karibu hakipo, kipo mtandaoni. Mwanamke huyo anajua zaidi ya unavyodhani, na amechoka.

Fundi_Tabata:
Asanteni. Bibi, nilimwambia usiku uleule. Hakupiga kelele, aliniuliza tu tunaondoka saa ngapi kwenda hospitali. Nimelazwa siku tano, leo nimeruhusiwa, kichwa chepesi ila mikono imetulia.

Mwaka_wa_Sita, nimeona mahali uliponitumia inboksi. Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Naomba unisubiri getini, peke yangu nitageuza.

Mwaka_wa_Sita:
Nitakuwepo kuanzia saa kumi na moja na nusu. Shati la kijani.