Mafundi na washauri wa "puliza tu", mnaharibu vitako vya bunduki za watu

Wakuu, leo salamu zitangoja.

Kila anayeuliza namna ya kupiga rangi kitako cha bunduki nyumbani anapewa jibu moja: "Nunua kopo, pitisha msasa kidogo, puliza tu." Wiki mbili hazijaisha, rangi inabanduka kama magamba ya sato, inanata kiganjani, na mshauri haonekani tena. Hapa Mwanza ndiyo kabisa, kwa sababu hali ya hewa ya ziwa haisamehi kazi ya kulipua.

Nianze na nyie mnaobeba bunduki nzima kuipeleka gereji kwa mpiga rangi wa magari. Leseni ni yako, si ya Fundi Maiko. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haitauliza kama mmekua mtaa mmoja. Toa magazini, vuta nyuma bolti (komeo la bunduki), tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho, kisha hakikisha kwa kidole. Fungua skrubu zinazoshika mtambo (chuma kinachobeba bolti na chemba), mara nyingi ni mbili tu, kitako kinatoka. Hicho ndicho kinachopigwa rangi. Mtambo na mtutu vinarudi kufungiwa kabatini. Ng'oa pia mpira wa nyuma na vishikio vya mkanda. Namba ya silaha haipigwi rangi wala haiguswi na msasa, popote ilipo.

Sasa oili. Kitako cha mbao kilichokaa miaka na bunduki iliyosimamishwa mtutu juu kimekunywa oili yote iliyoshuka kutoka kwenye mtambo. Ndiyo maana pale shingoni mbao huwa nyeusi. Fundi anaona weusi, anaona rangi itafunika, anapuliza. Rangi haishiki juu ya mafuta! Kifunge kitako kwa nailoni nyeusi, kiweke juani kwa muda wa saa mbili au tatu, utaona oili inatoka kama jasho. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, rudisha juani. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, hata ikiwa ni siku nne. Kisha dondosha tone la maji hapo: likisimama kama shanga, oili bado ipo, likitandaa na kunywewa, endelea. Na tafadhali, petroli na mafuta ya taa si vya kusafishia hapa. Vinaacha utando wa mafuta uleule unaojaribu kuuondoa.

Msasa: namba 120 kama kuna vanishi ya kutoa, halafu 220, malizia 320, ukifuata nyuzi za mbao. Wanaokwenda mpaka 600 kabla ya praima (rangi ya kwanza ya kushikia) wanasugua kioo, halafu wanashangaa rangi imekosa pa kushika. Mbonyeo usiuzibe kwa puti. Weka kitambaa kibichi juu yake, gandamiza pasi ya moto sekunde chache. Mvuke unavimbisha nyuzi na mbonyeo unapanda wenyewe. Puti iwe ya palipomeguka tu, na iwe ya mbao. Ile ya magari ikikauka haina unyumbufu, na kitako kinapigwa mshtuko kila risasi inapotoka.

Dhambi kubwa kuliko zote ni kupuliza ndani ya kitako. Ule mfereji unaolaza mtutu, sehemu mtambo unapokalia na matundu ya skrubu vyote vizibwe kwa gazeti na tepu ya karatasi kabla hujatikisa kopo. Hesabu mwenyewe: praima tabaka mbili, rangi tabaka tatu, na ile ya juu inayoonyesha kama kioo tabaka mbili. Hizo ni saba. Kwa bunduki ambayo mtutu umeachwa huru usiguse mbao, tabaka saba zinakula ile nafasi ndogo iliyokuwepo. Mtutu ukipata moto unasukumana na kitako, risasi zinaanza kuhama, na mwenye bunduki anazungusha darubini asubuhi hadi jioni akidhani ndiyo mbovu. Kuangalia ni rahisi: ukishafunga, pitisha noti ya elfu moja kati ya mtutu na mfereji, kutoka mbele hadi karibu na mtambo. Ikikwama, kuna rangi ya kukwangua. Nakshi za kushikia nazo ziba, ukizijaza rangi unabaki na kitako kinachoteleza mkono ukiwa na jasho.

Haya, kupuliza. Kopo la mililita 400 la kila aina linatosha: praima, rangi, na ya juu. Gololi ikianza kulia ndani, tikisa dakika mbili zaidi. Simama kama sentimita 25. Anza kupuliza hewani kabla ya kufika kwenye kitako, na uachie ukishakipita. Wanaobonyeza na kuachia katikati ndio wanaopata michirizi. Tabaka la kwanza lionekane kama vumbi. Likifunika mbao yote, umeshazidisha.

Saa ya kupuliza ndiyo inayowaangusha watu wa Bwiru, Kirumba na Pasiansi, huku kwetu Mwanza. Kabla ya saa tatu asubuhi hewa bado ina unyevu mwingi. Tina (kiyeyusho kilichomo kwenye rangi) inavyokauka inapoza uso wa rangi, unyevu unatua juu yake, na nyeusi yako inatoka na ukungu mweupe. Mvua za masika zikiwa zimeshika, acha kabisa. Alasiri upepo wa ziwa unakuwa umeamka: rangi inakauka ikiwa bado angani na kufika ikiwa unga, ukipapasa unadhani ni msasa. Puliza kati ya saa nne na saa saba, kivulini, penye hewa inayopita. Jua kali moja kwa moja linaleta malengelenge.

Na siku ukiona vile vijidudu vya ziwani vimesimama juu ya maji kama moshi, ahirisha. Kikinasa kwenye rangi mbichi usikitoe kwa kucha. Utatoa mabawa, miguu itabaki, na utaacha shimo. Kiache kikaukie humo, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 400 na upulize upya.

Wauza makopo nanyi mnahusika. Mfuniko kijani, ndani kahawia. Gololi haisikiki. Maelezo yamefutika, mnunuzi hajui arudie tabaka baada ya muda gani. Hilo si jambo dogo: rangi nyingi za mafuta za kopo hurudiwa ndani ya saa moja, au unasubiri mpaka siku mbili zipite. Ukirudia katikati ya hapo, tina mpya inalainisha rangi ambayo haijakomaa na uso mzima unajikunja kama ngozi ya maziwa. Kinachofuata ni kukwangua mpaka kwenye mbao.

Jibu la 1
Mkuu umewapa za uso. Ila wengi siku hizi wana vitako vya plastiki. Huko nako kuna wanaosafisha kwa asetoni, plastiki nyingine inalainika na kuweka alama za vidole.

Mwanzisha uzi
Kweli mkuu. Plastiki ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, isuguliwe kwa msasa 320 mpaka mng'ao wote uishe, ioshwe tena, ifutwe kwa spiriti. Plastiki laini yenye hisia ya nta, kama ya ndoo, inahitaji praima maalumu ya plastiki. Bila hiyo hata upige tabaka kumi zitavuka kama ngozi ya nyoka.

Jibu la 2
Kuna jamaa wanakausha juu ya jiko la mkaa ili wamalize siku hiyohiyo. Hili nalo semeni.

Mwanzisha uzi
Hao wanatafuta moto. Mvuke wa tina unawaka, na gesi inayosukuma rangi kwenye kopo inawaka pia. Kopo lenyewe halitakiwi kupata joto la zaidi ya nyuzi 50, likizidi linaweza kulipuka. Tundika kitako kwa waya, uupitishe kwenye tundu la skrubu, na usikiguse saa 24. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Acha siku saba kabla ya kufunga mtambo. Bonyeza ukucha sehemu ya ndani isiyoonekana: ukiacha alama, ongeza siku mbili. Hata ikikomaa, dawa ya kusafishia mtutu ikidondoka juu yake ifute papo hapo. Dawa ya mbu ya kupaka yenye kemikali ya DEET inalainisha rangi na baadhi ya plastiki, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika.

Jibu la 3
Na ile rangi ya juu ya makopo yenye kikaushio ndani, unayobonyeza kitufe chini? Naambiwa ni ngumu zaidi.

Mwanzisha uzi
Ni ngumu, na inahimili dawa za kusafishia. Lakini kikaushio chake kina sumu inayoshambulia mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kama huna barakoa ya vichujio vya kemikali, miwani na glovu, tumia ya kawaida. Pia ukishabonyeza kile kitufe, lazima uimalize ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, baada ya hapo inaganda humohumo.