Melbourne Cup: farasi 24, hela ya korosho, na hiki kitu kinaitwa "nafasi"

Mabibo_Mbichi (Tandahimba)

Wakuu salaam. Mnada wa kwanza wa korosho umepita na hela za chama cha msingi zimeshaingia benki. Hapa kijiweni tuko wanne, mikeka ya mpira imetuchosha, kila wiki timu moja inatuchania. Mwenzetu mmoja kaona kwenye simu kuna mbio za farasi za Australia, Melbourne Cup, Jumanne ya kwanza ya Novemba. Tumekubaliana kila mtu atoe elfu hamsini, iwe laki mbili, tumuwekee farasi mmoja.

Naomba kueleweshwa. Hizi mbio ni sawa na zile za kwenye televisheni za vibandani? Maana jamaa yetu anasema zile ana fomula yake. Halafu kuna sehemu imeandikwa "Ushindi/Nafasi, 1/4, 1-4". Nikiigusa na kuandika 200,000, programu inaniambia nalipa 400,000. Hiyo laki mbili nyingine imetoka wapi? Na farasi wa odi (kiasi unacholipwa kwa kila shilingi uliyoweka) ndogo kuliko wote ana 5.00. Kwa macho yangu hiyo ni hela ya bure.

Mzee_wa_Jarife

Kamari ni kamari, hata ikihamia Australia ikavaa kofia. Nunua mabati.

Mabibo_Mbichi

Shikamoo mzee wangu. Mabati yapo juu ya nyumba tayari, hii ni chenji.

Dada_wa_Dirishani (Mtwara mjini)

Mdogo wangu, mimi nimekaa nyuma ya dirisha la duka la kubeti hapa Magomeni kabla sijafungua genge langu, nitakujibu kikeshia.

Mwenye fomula mwambie aifunge. Wale farasi wa vibandani hawapo popote duniani. Ni mashine inachomoa namba, halafu inakuchorea farasi anakimbia ili usisinzie. Nilikuwa na mteja, fundi cherehani, anakuja na daftari kaandika namba zote zilizotoka tangu tunafungua. "Dada, nne hajatoka tangu saa tatu, sasa hivi lazima." Nne hana habari na daftari la mtu. Kila mzunguko unaanza upya kabisa.

Chukua kikokotoo tufanye kitu ambacho wateja wangu hawakuwahi kukifanya. Tuseme farasi sita wana odi 3.50, 4.00, 5.00, 6.50, 8.00 na 10.00. Gawanya 100 kwa kila odi, kisha jumlisha: 28.6, 25, 20, 15.4, 12.5 na 10. Inafika 111.5. Kama odi zingekuwa za haki tupu ingefika 100 na kusimama hapo. Hiyo kumi na moja na nusu iliyozidi ndiyo pango la duka, luku na mshahara wangu mimi. Yaani ukiwawekea wote sita kwa mpangilio huo (28,600 kwa wa kwanza, 25,000 kwa wa pili, hivyohivyo mpaka wa sita), mmoja lazima ashinde, na bado kila ukitoa 111,500 unarudishiwa 100,000. Melbourne Cup hesabu ni hiyohiyo, ila farasi wanafika 24 na kila mmoja kapunjwa kidogo, hutaona alipopunjwa mpaka ujumlishe wote. Kaeni mjumlishe.

Tofauti ni kwamba kule farasi ni wa kweli, ana mapafu na miguu. Wanakimbia mita 3,200 uwanja wa Flemington, na mbio hizi zipo tangu 1861. Siku yenyewe Melbourne ni sikukuu, watu hawaendi kazini. Lakini msikilize dada yako hapa: hizi ni mbio za kubebeshana uzito. Farasi anayesifika anapewa kilo nyingi mgongoni, dhaifu anapewa chache. Ni kama bodaboda mwenye injini mpya apakiwe magunia mawili ya korosho na mwenye injini mbovu apewe abiria mwembamba, ili wafike Newala sawasawa. Phar Lap, farasi ambaye Waaustralia wanamtaja mpaka leo, alishinda 1930. Mwaka uliofuata wakamtwisha kilo 68, akawa wa nane. Makybe Diva ndiye pekee aliyewashinda wapanga uzito mara tatu, kachukua 2003, 2004 na 2005, na hiyo ya mwisho alikuwa na kilo 58. Kwa hiyo wenye mbio wenyewe wanafanya kazi mwaka mzima ili wewe usijue nani atashinda, halafu mwenzako kijiweni anajua!

Mtaambiwa habari za 2015: Prince of Penzance kashinda kwa odi ya 101.00, na aliyempanda ni Michelle Payne, joki wa kwanza mwanamke kushinda mbio hizo. Ni kweli tupu, na Knight's Choice wa 2024 naye alikuwa karibu na huko. Ila muulize anayekusimulia amtajie farasi wengine wa odi 101 waliokimbia miaka mingine yote. Hawajui. Hakuna anayewajua.

Sasa laki mbili iliyozuka. "Ushindi/Nafasi" ni dau mbili kwenye tiketi moja: moja farasi awe wa kwanza, nyingine aingie nne bora. Ukiandika 200,000 umeweka laki mbili mara mbili. Hela yenu ikiwa laki mbili, andika 100,000.

Farasi wa odi 21.00 akishinda, dau la ushindi linakupa 2,100,000. La nafasi linalipwa robo: toa moja kwenye 21 inabaki 20, robo yake 5, rudisha ile moja, inakuwa 6.00, yaani 600,000. Jumla 2,700,000. Akiwa wa tatu mnapata ile 600,000 tu. Akiwa wa tano mnanunuliana chai.

Huyo wa 5.00 wa "bure" mpigie hesabu hiyohiyo. Nne, robo yake moja, jumlisha moja, 2.00. Akiwa wa pili, wa tatu au wa nne, laki ya nafasi inarudi laki mbili na laki ya ushindi imeliwa. Mmerudi mlipoanzia, mmekosa usingizi kwa faida ya sifuri.

Kitere_Lindi (Lindi, Mtanda)

Dada kanyoosha vizuri, ila mimi na nafasi hatuna ugomvi. Kwa farasi wa odi kubwa kwenye kundi la 24 ni bora kuliko kubeti ushindi mtupu, angalau unaangalia mbio mpaka mwisho ukiwa na kitu cha kuombea. Cha kuangalia ni muda wa kuweka. Ukiweka wiki mbili kabla kwa tamaa ya odi nono, halafu farasi akaumwa mguu au akatolewa, kwa kampuni nyingi hela imekwenda. Orodha ya mwisho inapatikana Jumamosi, siku ya Derby (mbio nyingine za palepale Flemington), pamoja na namba za mageti ya kuanzia. Ukiweka baada ya hapo, farasi akiondolewa unarudishiwa, ingawa odi za wengine zinaweza kukatwa. Soma masharti.

Na mtu asije kukaa kibandani usiku kusubiri. Kule inakimbia saa tisa alasiri, huku ni saa moja kamili asubuhi, bado unatafuna kitumbua. Inachukua dakika tatu na ushee, basi.

Mabibo_Mbichi

Nimewaelewa sana. Dada, nikushike mkono. Tukiamua elfu kumi kila mtu badala ya hamsini, tugawane vipi tiketi? Mmoja anataka farasi wa odi ya 7, mwingine wa 34, mimi nilitaka yule wa 5 ila umeshaniharibia.

Dada_wa_Dirishani

Elfu kumi inatosha, na kila mtu achague wa kwake kwa tiketi yake. Mambo ya tiketi ya kuchanga niliyaona mengi pale dirishani. Kuna vijana wanne walikuja na tiketi moja ya mpira iliyoshinda, hela inaingia kwenye simu ya mmoja wao, na huyo mmoja anasema wawili kati yao walichelewa kutoa mchango, kwa hiyo wao hawamo. Walivutana mashati mpaka mlinzi akafunga geti, na mimi ndani na chakula changu kimepoa. Mkishikilia kuchanga, andikeni majina, kiasi na namba ya simu itakayopokea, kila mtu asaini kabla ya Jumanne. Kodi ya serikali kwenye ushindi inakatwa kabla hela haijafika, msije mkadhani mwenye simu kaila.

Kitere_Lindi

Na wa umri chini ya miaka 18 asiguse hiyo simu, sheria haimruhusu.

Mabibo_Mbichi

Hapa wote tuna ndevu. Tumeafikiana elfu kumi kumi, tiketi nne. Nitaleta majibu Jumanne saa mbili, baada ya chai.