Je, waandishi wa programu waliihama Nokia, au Nokia ndiyo iliyowahama?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu):

Hamjambo wenzangu. Ninafundisha vijana kuandika programu za simu katika kituo kidogo hapa Kondele, na wiki iliyopita mmoja wao alikuja darasani na Nokia E63 iliyoachwa na marehemu babake. Tulisugua vile vichuma vya betri kwa kifutio cha penseli, tukaichaji kwa saa nzima, ikawaka. Ndani mlikuwa na faili ya kamusi ambayo haikuwahi kusakinishwa. Tulipoibonyeza, simu ilikataa na kudai kwamba cheti kimepitwa na muda. Nilikumbuka tulivyokuwa tukifanya zamani, nikairudisha tarehe ya simu hadi 2009, tukajaribu tena, nayo ikakubali. Darasa zima lilipiga makofi.

Kisha kijana yule akauliza: ikiwa simu za kampuni hii zilikuwa mikononi mwa watu kuanzia Busia hadi Naivasha, na walikuwepo watu waliojua kuziandikia programu, iliwezekanaje wote wakaondoka katika muda wa miaka michache? Nilimjibu kwamba Nokia ilishindwa na iPhone na Android, lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa. Naomba mlioandika programu za Symbian, mfumo uliokuwa ukiendesha simu janja za Nokia, mnieleze kama kosa lilikuwa ubovu wa mfumo wenyewe, au ni mkakati uliokuwa ukibadilika kila uchao. Vijana hawa watalazimika kuchagua cha kujifunza, na sitaki kuwaelekeza kwa kubahatisha.

Fundi wa Nakuru:

Mwalimu, mimi nilianza kuiandikia Symbian mwaka wa 2007 nikiwa hapa Nakuru, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu. Ni haki kukiri kwanza kwamba kazi ile ilikuwa ngumu. Mfumo ulirithiwa kutoka kwa vifaa vya mkononi vya Psion vya miaka ya 1990, wakati kumbukumbu ya kifaa ilikuwa haba mno, na kwa sababu hiyo mwandishi alilazimika kuhesabu kila baiti. Hata sentensi fupi ya kuonyeshwa kwenye skrini ilihitaji kutengewa nafasi kwa aina maalumu ya data, na kila kitu ulichokiunda ilibidi ukiandikishe mahali ili kifutwe iwapo hitilafu ingetokea katikati ya kazi.

Ndiyo maana Nokia ilipoinunua kampuni ya Trolltech ya Norwei mwaka wa 2008, pamoja na Qt, zana zake za kuandikia programu, wengi tulipata pumzi. Dirisha lenye orodha na kitufe, lililokuwa likimaliza kurasa, sasa liliandikwa kwa mistari michache. Februari 2010 Nokia na Intel zilitangaza MeeGo, mfumo wa Linux uliounganisha Maemo ya Nokia na Moblin ya Intel, na ahadi ilikuwa wazi: andika kwa Qt, na programu yako itafanya kazi kwenye Symbian leo na kwenye MeeGo kesho. Oktoba mwaka huohuo kampuni ilisema kwamba Qt ndiyo itakayokuwa njia yake ya pekee ya kuandikia programu za mifumo hiyo miwili.

Sasa hesabu miezi. Tarehe 11 Februari 2011, kabla hata miezi minne haijatimia, Stephen Elop, aliyekuwa ametoka Microsoft na kushika ukurugenzi mkuu wa Nokia Septemba iliyotangulia, alisimama London pamoja na Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, na kutangaza kwamba Windows Phone ndiyo itakayokuwa mfumo mkuu wa simu janja za Nokia. Qt haikupangiwa nafasi humo. Aliyetaka kuendelea kuwa pamoja na Nokia alipaswa kujifunza lugha ya C# na zana za Silverlight, zote za Microsoft, na kuanza programu yake upya tangu mstari wa kwanza. Katika tangazo hilohilo kampuni ilisema inatarajia kuuza simu nyingine milioni 150 za Symbian. Nani angetoa miezi sita ya kazi yake kwa mfumo ambao mwenyewe ameshautangazia matanga? Hata N9 ya MeeGo ilipotoka mwaka huo, simu nzuri isiyo na kitufe hata kimoja usoni, ambayo uliiendesha yote kwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni, ilizaliwa yatima.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Nokia ndiyo iliyohama. Tuliokuwa tukiiandikia tuliambiwa tuhame nayo, na wengi tukaona kwamba ikiwa ni lazima kuanza upya, basi ni heri kuanza upya pale penye watu wengi, yaani Android.

Mkulima wa Kakamega:

Ninamheshimu sana Fundi, lakini naona anaihukumu Nokia kwa siku moja ya Februari, hali ugonjwa ulianza mapema. Mwaka wa 2006, toleo la tatu la S60, yaani Symbian kwa sura ya Nokia, lilipoanza kutumika, programu zilizokuwa zimetengenezwa kwa toleo la pili hazikuweza kufunguka kwenye simu mpya. Zilibidi zirekebishwe, zitengenezwe upya, na zitiwe saini ya cheti, yaani alama ya kidijitali ya kumtambulisha mtengenezaji, kabla ya simu kukubali kuzisakinisha. Cheti kilichoisumbua ile E63 ya mwanafunzi wako ni tunda la utaratibu huo. Watu walikwisha kuhamishwa mara moja, na hiyo ya 2011 ilikuwa mara ya pili.

Tena tusisahau mazingira. Duka la programu la iPhone lilifunguliwa Julai 2008, na simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka huohuo. Duka la Ovi la Nokia lilifuata Mei 2009. Hapa kwetu Safaricom ilianza kuuza IDEOS ya Huawei, simu ya Android ya bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kujikusanyia, na ghafla Android ikawa kitu unachokiona ndani ya matatu. Elop alipowaandikia wafanyakazi wake kwamba wamesimama juu ya jukwaa linaloungua, alikuwa anasema kweli. Dawa ndiyo aliyokosea, na hasa utaratibu wa kuitoa, kwa maana aliibomoa nyumba ya zamani kabla ya ile mpya kuezekwa. Lumia ya kwanza, yaani simu ya Nokia yenye Windows Phone, ilitangazwa Oktoba 2011, miezi minane baadaye, na kwa miezi yote hiyo muuzaji wa duka alikuwa na simu za Symbian ambazo dunia nzima ilishasikia kwamba hazina kesho.

Kisha Juni 2012 Microsoft ilitangaza Windows Phone 8, yenye kiini kipya kabisa, na simu zote za Lumia zilizokuwa zimeshauzwa zikaambiwa haziwezi kukipokea. Zilipewa toleo la 7.8 kama kifuta machozi. Ni kweli kwamba programu za zamani zilifanya kazi kwenye mfumo mpya, na jambo hilo husahaulika sana. Lakini programu zilizoandikwa kwa zana mpya hazikufanya kazi kwenye simu za zamani, na mteja aliyenunua Lumia 900 miezi miwili kabla ya tangazo hakuhitaji kuelezwa mengi.

Mkazi wa Bungoma:

Ningependa kuongeza jambo moja ambalo linatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, si ndani ya simu. Nokia 1100 yenye tochi iliweza kutuma pesa, na mwenye simu ya bei ghali alitumia menyu ileile. Mikakati ya Nokia ilibadilika mara ngapi tangu siku ile? Mama anayeuza sukuma wiki hakuwahi kuathirika hata mara moja. Waandishi wengi wa huku walielewa hivyo, wakajikita katika ujumbe mfupi na USSD, yaani zile menyu za kupiga namba zenye nyota na alama ya reli, na ninaamini ni kwa sababu hiyo Symbian ilipokufa hatukuomboleza sana.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu):

Asanteni nyote, nimejifunza mengi. Bungoma, hoja yako nitaifundisha kama ilivyo. Ila vijana wameniuliza kuhusu Huawei, kwa sababu wamesikia kwamba HarmonyOS mpya, mfumo wake wa simu, haifungui tena programu za Android. Je, hii si hadithi ileile?

Fundi wa Nakuru:

Kwa maoni yangu si ileile, ingawa zinafanana usoni. Huawei iliwekewa vikwazo na Marekani Mei 2019, simu zake mpya zikakosa huduma za Google, na ikatangaza HarmonyOS Agosti mwaka huo. HarmonyOS iliyowekwa kwenye simu mwaka wa 2021 ilikuwa bado inafungua programu za Android. HarmonyOS NEXT, isiyozifungua, ilitoka mwaka wa 2024. Hiyo ni miaka mitano tangu tangazo la kwanza, na mwandishi alipewa nafasi ya kuona barabara inakoelekea kabla ya daraja kuondolewa.

Ukitaka mfano wa kinyume chake, chukua Nokia X. Ilitangazwa Barcelona Februari 2014, simu ya Android isiyo na duka la Google, na waandishi wakaombwa walete programu zao. Aprili Microsoft ikakamilisha ununuzi wa kitengo cha simu cha Nokia, na Julai ikasitisha mpango huo. Ni miezi mitano. Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza kama aamini mfumo wa kampuni fulani, mwambie asisome ahadi, asome kalenda: aliyenunua simu mwaka juzi alitendewaje, na aliyeandika programu mwaka juzi analazimika kuandika upya kiasi gani.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu):

Nimeelewa, Fundi. Zoezi la wiki ijayo litakuwa hivi: kila mmoja ataandika hesabu za programu yake katika faili za peke yake, zisizojua chochote kuhusu skrini wala simu, ndipo aziwekee sura ya Android na sura ya USSD. Mwenye E63 ameomba aanze na daftari la mikopo la mamake, anayeuza omena Kibuye, na tayari tumegundua kwamba mama huyo ana namna tatu tofauti za kuhesabu deni, kulingana na mteja anatoka wapi. Kama bado una vitabu vyako vya Qt, ningependa darasa livione. Nitamtuma mtu Nakuru Jumamosi kwa matatu ya asubuhi, ukinieleza mahali pa kukupata.