Naomba ushauri: mashaka yananisonga kila ninapoomba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tangu mama afariki, nikipiga magoti moyo unaniambia hakuna anayesikia. Ndugu nao wananishinikiza twende kwa mganga tujue nani kamroga. Nimekataa, ila usiku wazo hilo hunirudia.

Nasoma sana Mathayo 4. Yesu, tena akiwa na njaa, alimjibu Shetani mara zote tatu kwa “Imeandikwa”, akitumia maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na 8. Nami nakariri mistari, lakini mashaka yakija yote inayeyuka. Ninayemwelewa zaidi ni yule baba wa Marko 9:24, aliyelia asaidiwe kutokuamini kwake.

Mliopitia haya, mlilishikaje Neno moyo ulipokauka? Nifunge, au nianze kwa kumweleza mchungaji?