Kuchora ramani ya walezi wa mtoto: msaada au kuchunguzana?

Mama Pacha (Mbagala): Habari za jioni wadau. Jana mhudumu wa afya ngazi ya jamii kanipitia, pacha wangu wana miezi 14. Nilidhani ataangalia kadi za kliniki aondoke. Akachora duara kwenye karatasi, akaandika majina ya wanangu, akaanza: usiku wakiumwa unamgongea nani? Ukiwa kazini nani anawalisha? Nani anakaa kuongea nao? Kila jina likapata mstari. Mnene kwa wa kila siku, wa nukta kwa anayetuma hela tu. Mume wangu kachukia, anasema ni upelelezi. Mimi nimeupenda mchoro huu. Uenee nchi nzima au uachwe?

Mzee wa Tandika: Uachwe. Bibi yangu kalea 9 bila karatasi. Hii ni ile programu ya malezi ya mwaka 2018, wafadhili tu. Nyie wamama wa mjini watoto mmewaachia mabeki tatu, hao madada wa kazi, sasa mnatafuta mchoro uwalelee.

Nesi Mafinga: Mzee wangu shikamoo. Programu ya taifa ya MMMAM, yaani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilizinduliwa Desemba 2021 Dodoma, siyo 2018. Sasa nijibuni: utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu. Iringa yenye mahindi, maharage na maziwa! Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa kaka yake wa miaka 7 na uji wa asubuhi uliopoa. Chakula kipo, mikono ya kulisha haipo. Utajuaje hilo bila kuuliza nani yupo?

Salma K: Mzee wa Tandika, umenichoma. Natoka saa 10 alfajiri kuwahi gari, narudi saa 2 usiku. Nisipoenda, kodi utalipa wewe?

Mzee wa Tandika: Sijakutaja mwanangu. Ila mjukuu wangu akianguka anamkimbilia dada wa kazi, mama yake kasimama pale pale. Nililiona kwa macho yangu, liliniuma.

Mwalimu wa Awali: Na hao madada wenyewe watoto. Kisheria chini ya miaka 18 huruhusiwi kumwajiri.

Bush Lawyer: Siyo 18, mwalimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema 14, kwa kazi nyepesi.

Mwalimu wa Awali: Kubeba pacha mgongoni ukiwa unafua ni kazi nyepesi?

Binti wa Singida: Nimesoma kimya mpaka hapo kwenye "beki tatu". Nilikuwa mmoja wao, nilikuja Dar nina miaka 15. Yule mtoto hatua ya kwanza alipiga kuja kwangu, jikoni, mkono mmoja ameshika ndoo. Nikamwita mama yake kwa simu, akalia. Neno lake la kwanza nilimfundisha mimi. Siku naondoka nilitolewa alfajiri amelala, nisimuage. Chora ramani zako, mstari wangu ungekuwa mnene kuliko wote mle ndani.

Mzee wa Tandika: Binti, nisamehe kwa lile neno. Kwetu pia tulikuwa tunalisema tu.

Salma K: Kwa hiyo tunakubaliana tatizo siyo mama?

Bush Lawyer: Nani kakubali? Baba zao wako wapi kwenye ramani?

Salma K: Wa nukta!

Nesi Mafinga: Jamani, la Iringa hakuna aliyenijibu.

Mama Pacha (Mbagala): Nesi nakuja kwako. Nimeifungua karatasi sasa hivi. Yupo mama mkwe, yupo jirani, yupo hata shangazi wa Tanga. Dada yetu hayupo, na alikuwa amekaa hapo hapo kambeba mmoja wakati naulizwa. Nimemwita, nikamuuliza yeye akiumwa usiku anamgongea nani. Kanyamaza, kaenda kuanua nguo.

Mzee wa Tandika: Mhudumu anarudi lini?

Mama Pacha (Mbagala): Jumanne. Dada atajibu mwenyewe.