Msaada: babu alikwenda vita ya Hitla na Keya hakurudi, kumbukumbu za kifo chake nazipataje?

Mura_wa_Sirari:
Wakuu habari za muda huu. Nina jambo linanisumbua siku nyingi, mwenye uelewa anisaidie. Babu mzaa baba alichukuliwa Keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika (King's African Rifles), wakati wa vita ya Hitla, yaani vita ya pili ya dunia, sisi ni Wakurya wa Tarime, aliondoka bibi akiwa na mimba ya baba na hakurudi tena. Mzee wangu sasa kapita miaka 80, hajawahi kumuona baba yake hata kwa picha, na kila tukikaa anauliza hivi yule alilazwa wapi. Nyumbani stori ziko mbili, wengine wanasema alifia Bama (Burma, sasa Myanmar) akipigana na Mjapani, ila marehemu bibi alikuwa anashikilia kwamba habari iliyoletwa kwa chifu ilikuwa ya meli kuzama. Kitu kingine tunachojua alikuwa wa mizinga, wenzake waliorudi ndivyo walivyokuwa wanamtaja. Nilienda ofisi moja kuulizia nikaambiwa nilete namba ya cheti cha kifo, sasa mimi cheti hicho ndicho ninachotafuta. Naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Mjukuu_wa_Kariakoo:
Pole sana mkuu lakini usijipe matumaini makubwa. Babu wa mama yangu alikufa vita ya kwanza akibebea Waingereza mizigo, tumetafuta mpaka tumechoka hakuna jina popote, kuna sanamu tu pale Dar ya askari na nyingine Nairobi na Mombasa. Mwaka 2021 ile tume yao ya makaburi ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wanafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Waingereza hao ndio walikuwa wanatutawala. Inauma sana.

Karani_Mstaafu:
Mjukuu unachosema ni kweli kabisa lakini hiyo ripoti inahusu vita ya kwanza, msimkatishe tamaa kijana. Vita ya pili askari wetu wengi sana wameandikwa mmoja mmoja na jina lipo mtandaoni bure, tovuti ya CWGC, ndiyo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Sasa Mura nisikilize vizuri maana hayo maneno mawili, mizinga na meli, ni makubwa kuliko unavyodhani. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya kubeba askari inaitwa Khedive Ismail, imetoka Mombasa inakwenda Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Wajapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi, watu karibu 1,300 wakafa. Na humo ndani kundi kubwa kuliko yote lilikuwa rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, vijana wetu wa huku. Walikuwa wanapelekwa Ceylon, sasa Sri Lanka, na baada ya Ceylon ndiyo Bama, kwa hiyo hata hao ndugu wanaosema Bama hawakudanganya, huko ndiko wenzake walikokwenda. Kama angekuwa wa bunduki tu, askari wa miguu wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hapo ningekwambia tafuta kuanzia Agosti 1944 walipoingia bonde la Kabaw huko Bama mpaka Desemba walipofika Kalewa kwenye mto Chindwin, na majina ya hao wasio na kaburi yapo Taukkyan karibu na Yangon, kwenye mnara wenye majina karibu 27,000.

Namna ya kutafuta: usianze na jina kamili. Wakurya akina Chacha, Marwa, Mwita wako kibao, na aliyeandika ni karani aliyesikia kwa sikio tu, Mwita inaweza kuwa Muita, Chacha ikawa Chach. Anza na tarehe 12 Februari 1944, weka jeshi East African Artillery, ndiyo mizinga ya Afrika Mashariki, halafu soma wote mmoja mmoja kwa utulivu. Wengi wameandikiwa jina la baba na mahali anapotoka, hapo ndipo utamtambua. Usitegemee kuona Tarime, angalia Musoma, na angalia na upande wa Kenya, South Kavirondo au Kisii, maana ndugu zenu wako pande zote mbili za mpaka na mtu alijiandikisha alikokuwa. Shajara za vita za vikosi vya Bama ziko nyaraka za taifa za Uingereza pale Kew, London, fungu la WO 172, ila mara nyingi zinataja maofisa kwa majina na askari kwa idadi tu, kwa hiyo usipeleke hela huko kwanza.

Wa_Dagoretti:
Mzee Karani asante, hata mimi nimejifunza. Niongeze hapo: waliozama na Khedive Ismail majina yao hayako Asia, yako hapa Nairobi, East Africa Memorial ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Ni wazi kuingia haulipi kitu, na kuna kitabu cha majina. Mzee anaweza kupanda basi la Sirari akafika bila kupanda ndege.

Mura_wa_Sirari:
Jamani nimesoma mpaka machozi. Nimekaa na simu usiku kucha kufuata alivyosema Mzee Karani nikapata mmoja, jina lake limekosewa herufi moja, jina la baba yake ndilo hasa la babu mkuu, na pameandikwa Musoma. Tarehe ni hiyo hiyo. Kuna namba ya jeshi na safu ya ukutani. Shangazi Nyamongo ana kibati cha shaba kilichorudishwa na serikali zamani, nimemwomba asome namba. Mzee Karani, ikilingana hiyo karatasi ya CWGC inatosha kama cheti cha kifo?

Karani_Mstaafu:
Haitoshi kisheria, ni cheti cha kumbukumbu tu, lakini kina jina, namba, kikosi na tarehe, kwa hiyo ofisi yoyote utakayokwenda sasa unaenda na ushahidi mkononi. Na hilo kosa la herufi waandikie CWGC waombe kurekebisha, huwa wanapokea kutoka kwa familia, ambatanisha picha ya hicho kibati. Usimwambie mzee kwanza mpaka namba ilingane.

Wa_Dagoretti:
Nitumie namba ya safu inboksi, Jumamosi niko huko karibu nitapiga picha ya jina. Na mkija na mzee mniambie mapema, kuna kutembea kidogo kutoka getini, nitakuja na gari.