Mzio mkali: Piriton na haidrokotisoni kwanza, au adrenalini?

Muuliza swali, Kisauni
Assalam aleikum wenzangu. Zahanati nyingi huku kwetu, mtu akiletwa amefura midomo baada ya kula kamba, huchomwa haidrokotisoni (steroidi) na Piriton (dawa ya kuzuia histamini), adrenalini ikabaki kabatini kwa hofu ya kudhuru moyo. Presha ikiwa 80/50 na kifua chapiga miluzi, ipi itangulie, na kwa kipimo gani?

Jibu
Waaleikum salaam. Adrenalini, haina mjadala. Kingamwili za IgE zilizoshika seli za masti (seli za kinga) zikikutana na protini ya kamba, seli humwaga kemikali za histamini, triptasi na lukotrini kwa mkupuo. Mishipa hutanuka na kuvuja. Ndani ya dakika 10 zaidi ya theluthi ya ujazo wa damu yaweza kuhamia nje ya mishipa. Piriton hutuliza muwasho tu, haipandishi presha wala haifungui koo. Haidrokotisoni yataka saa kadhaa.

Ampuli ya adrenalini ni ya 1 mg kwa ml 1. Piga 0.01 mg kwa kilo, mtu mzima asizidi 0.5 mg, yaani nusu ml. Ni msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Si bega, si chini ya ngozi. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Hiyo hofu ya moyo hasa yatokana na wanaoisukuma mshipani bila kuizimua.

Jibu jingine
Na mlazeni, miguu juu. Anayehema kwa tabu akae, mjamzito alalie ubavu wa kushoto. Kumsimamisha ghafla apande tuktuk ni hatari: damu hairudi moyoni, mtu akafa papo hapo. Oksijeni, kanula nene mshipani, dripu ya chumvi ml 500 hadi 1000 kwa kasi. Anayemeza atenololi (dawa ya presha aina ya kizuia-beta) huenda adrenalini isimshike. Mpe glukagoni 1–5 mg mshipani polepole, na awe ubavu maana hutapisha. Dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hivyo anayeishi ng'ambo ya kivuko cha Likoni afadhali alale wodini.

Muuliza swali
Shukran. Na aliyekula jodari akaiva uso mzima kwa wekundu?

Jibu
Huenda si mzio. Jodari au nguru akikosa barafu, bakteria hugeuza histidini (asidi amino) ya nyama yake kuwa histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Uliza wenzake wa sinia: wakiwashwa wote, ni samaki, na Piriton kwa kawaida yatosha. Presha ikishuka au koo likibana, usingoje kubainisha, choma paja.